Maji Tuliyoyaita Unene

Mwili wa mama niliujua kwa macho. Wateja wengine niliwapima kwa tepu, nikarudia mpaka wakachoka kunyanyua mikono, lakini mama nilimkatia nguo bila kumpima. Tangu nipate akili hakuwahi kuongezeka wala kupungua. Alikuwa mwembamba wa mabega, mwembamba wa kiuno, na mguu wake wa kulia ulisinyaa tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza. Ulikuwa hauzidi mkono wangu kwa unene. Cherehani aliikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na mdundo wake ulikuwa wa kuchechemea kama mwendo wake. Nikiwa mbali kidogo na nyumbani, katikati ya kelele za mafundi wa magari wa mtaa wetu wa Buyenzi wanaogonga mabati tangu asubuhi, niliweza kuutambua.

Ushonaji sikufundishwa. Mama alisema hajui kueleza, anajua kushona tu. Nilijifunza kwa kufumua: nilichukua nguo kuukuu, nikakata uzi mmoja mmoja, nikatandaza vipande sakafuni nione aliyeishona alifikiri nini. Labda ndiyo maana hadi leo mimi ni mtu wa kufumua. Nikiona mshono umepinda hata pale ambapo hakuna atakayetazama, silali vizuri. Nafumua, narudia, nafumua. Mama alizoea kunicheka.

"We mufumuaji, ile nguo itaisha kabla ya kuvaliwa."

Nasema haya mapema ili ieleweke jinsi nilivyoshtuka siku gauni lake lilipombana.

Ilikuwa ni maandalizi ya harusi ya binti wa mama mdogo. Kwetu wanawake wa ukoo huvaa sare, kitambaa kimoja kwa wote, na sare ile, kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, ililetwa nyumbani kwetu ikiwa imefungwa kwa kamba. Nilianza na gauni la mama kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Nililikata kwa macho kama kawaida. Alipolivaa, halikupita kiunoni.

Nilidhani nimekosea. Nikalifumua palepale, nikalitandaza, nikalipima. Kitambaa kilikuwa sawa. Ndipo nilipomzungushia mama tepu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nafikiri, nikakuta ameongezeka.

Mama mdogo, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, alipiga vigelegele.

"Dada! Uko unakula nini peke yako, unatuficha?"

"Nakula uzee," mama alijibu, lakini alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

"Apana, huo si uzee. Huo ni unono. Mutu ametunzwa na mutoto wake, unaonekana."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuambiwa, lakini nitaandika: kumwambia mtu amenenepa ni kumbariki. Mwembamba huulizwa anateswa na nani, au husemwa akishapita. Mama alisemwa maisha yake yote. Katika picha za harusi zote za ukoo amesimama pembeni, sare inamning'inia kama imeanikwa. Sasa wanawake walikuwa wanakuja kupimwa nguo zao wakimshika mashavu. "Mama fundi, umependeza. Mama fundi, umekuwa mutu." Fundi wa magari jirani yetu alipiga kelele kutoka chini ya gari, miguu yake tu ikionekana: "Mama fundi, na mimi nipe hiyo chakula!"

Mama aliniambia nisikate kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. "Kiache kipana. Bado niko naongezeka."

Nikakiacha kipana.

Asubuhi uso wake ulikuwa umejaa na macho yamekuwa madogo. Ikifika jioni uso ulipungua na miguu ilikuwa imejaa. Jioni moja aliniita, akapandisha gauni mpaka gotini. Mguu wa kulia, ule uliosinyaa, ulikuwa umejaa. Kifundo hakikuonekana tena. Aliuweka kando ya mguu wa kushoto, akaitazama yote miwili kwa muda mrefu.

"Ona," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kushtua ndege aliyetua. "Iko inarudi."

Niliushika. Kidole gumba kilizama kidogo, na nilipokiondoa kilibaki kishimo, kama kwenye unga wa maandazi uliokandwa sasa hivi. Tulikitazama wote wawili. Kikajaa polepole. Mama akacheka, akaniambia nibonyeze tena.

Kulikuwa na jambo lingine. Kwa sababu ya mguu, mama alitumia ndoo chumbani, na mimi ndiye niliyeimwaga asubuhi. Mkojo ulikuwa na povu jeupe, zito, lisilopasuka. Nilifikiri ndoo haikusuuzwa vizuri na sabuni imebaki. Nikaanza kuisuuza zaidi. Nilijivunia hata namna ninavyosuuza ndoo.

Hofu ilianza usiku, kwenye simu, kama hofu zangu zote. Shule niliiacha kabla ya kumaliza, Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini nilisoma neno moja baada ya jingine mpaka nikafika kwenye figo. Nikampeleka mama kwenye kituo kidogo cha afya karibu na kwetu. Walitoa damu, wakapima kreatinini, kwa maana hicho ndicho kipimo cha figo kilichopo. Yule wa maabara alitupa karatasi akituonyesha kwa kalamu: namba ya mama ilikuwa ndani ya mipaka, tena kwa upande wa chini.

"Mafigo ni mazuri. Wangapi wa umri wake wako na hii?"

Mama alitoka pale akichechemea kwa haraka kuliko mimi. Nyumbani alimsimulia kila aliyepita, na mama mdogo alinigeukia mbele ya watu wote.

"Huyu mutoto wako, hata kwenye pilau anatafuta ugonjwa."

Nilicheka nao. Nilifurahi kweli. Namba ilikuwa nzuri, na mimi namba nzuri hunituliza kuliko dua, Mungu anisamehe.

Baada ya hapo mama aliendelea kuongezeka. Kiatu kikakataa kuingia, tukakata ndala ili mguu upite. Mguu wa kushoto ukawa mzito kwenye kikanyagio, na mdundo wa cherehani ukapungua, ukawa unakatika. Kisha akaanza kulala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi haimtoshi. Siku aliyoshindwa kumaliza sentensi bila kupumzika katikati, mafuta hayakuwepo mjini na magari yalikuwa kwenye foleni za vituo. Fundi jirani alikuja na gari la mteja.

"Panda, mama fundi."

"Hii ni gari ya nani?"

"Ya mutu. Mi niko najaribu breki."

"Mpaka hospitali?"

"Breki ya muzee huyu ni mbaya sana, inataka kujaribiwa mbali."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Namshukuru fundi yule hadi leo kwa kicheko kile.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, pengine hanizidi sana umri. Hakutazama karatasi yangu kwanza. Alitazama mkono wa mama, akaushika juu ya kiwiko kwa vidole viwili na vidole vikakutana. Akatazama mguu wa kulia, akaubonyeza. Kishimo. Akauliza kuhusu povu, nikamweleza lile la kwenye ndoo.

Alieleza taratibu, akirudia nilipouliza, na niliuliza sana. Ndani ya damu kuna protini iitwayo albumini. Kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yasitoke kwenye mishipa. Figo nzima huizuia isipite, na figo iliyoharibika huiacha ivuje kwenye mkojo. Povu la ndoo ndilo hilo, protini ya damu ya mama niliyokuwa naimwaga na kusuuza kila asubuhi. Ikipungua kwenye damu, maji hukosa wa kuyashika, yanatoka na kukaa katika mwili: usoni ukiamka, miguuni ukishinda umeketi kwenye cherehani.

"Lakini kreatinini yake ilikuwa nzuri," nilisema, nikimsogezea ile karatasi kama mtu anayeonyesha risiti dukani.

"Kreatinini inatoka kwa misuli," alisema. "Figo inaitupa nje. Kama figo imechoka, inabaki kwa damu, ndipo namba inapanda. Sasa mama hana misuli mingi. Huu mguu hauna, hii mikono ni midogo. Inatengenezwa kidogo. Basi namba inakuwa nzuri hata figo ikiwa mbaya."

Alisema kuna protini nyingine, sistatini C, ndogo sana, ambayo inatengenezwa na karibu kila chembe ya mwili na haijali mtu ana misuli au hana. Hiyo ingetuambia ukweli zaidi. Haikupimwa pale, damu ingetumwa nje ya nchi na tungesubiri. Albumini waliipima siku hiyohiyo, na jibu lilirudi na mshale mdogo unaotazama chini.

Mama alikuwa amesikiliza yote. Alikuwa na swali moja.

"Kwa hiyo, muganga, mi sikunenepa?"

Daktari alinitazama mimi. Mimi nikatazama mshale.

"Apana, mama. Ni maji."

Mama akashusha gauni lake mpaka kwenye vifundo, akalinyoosha kwa viganja, akasema, "Haya."

Nimeifumua siku ile mara nyingi. Ningependa kosa liwe langu. Ningependa kukuta mahali ambapo mkono wangu ulipinda, kwa sababu kosa la mkono wangu ninajua la kulifanya: unakata uzi, unarudi nyuma, unaanza upya. Lakini nikitandaza vipande vyote sakafuni naona tu mchele unaochambuliwa, vigelegele, mtu wa maabara aliyetupa habari njema kwa moyo safi, na mwanamke anayeangalia mguu wake ukirudi. Sioni pa kukata.

Dawa za kutoa maji zilifanya kazi. Chumvi iliondoka nyumbani, na ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani ambao mama alizoea kuwatafuna kama karanga akishona, nao wakaondoka. Mama alipata pumzi, akaanza kulala tena kama watu. Maji yaliposhuka yalimwacha mtu mdogo kuliko yule niliyemjua kwa macho. Mikunjo ya ngozi ilining'inia kwenye mikono. Mguu wa kulia ulirudi ulivyokuwa, na nilimwona akiufunika kwa khanga hata tukiwa wawili tu.

Kisha likaja jibu la sistatini. Ilikuwa juu, juu sana. Daktari alisema figo iliyobaki inayofanya kazi ni kidogo mno, na kwamba haitachukua muda mrefu kabla ya kuhitaji mashini ya kusafisha damu. Alitupangia kurudi wiki inayofuata harusi, kujiandaa.

"Mashini mi najua moja tu," mama alimwambia. "Na ile naiendesha mwenyewe."

Nyumbani nilitoa gauni la sare ili nilipunguze. Nilikuwa nimeshaweka alama za chaki mama aliponishika mkono.

"Apana. Usiliguse."

"Mama, litakupwaya."

"Harusi ni Jumamosi. Wote wamenisifu. Unataka nirudi kwenye picha ya pembeni?"

Nilimwambia hakuna atakayejali. Nilimwambia wanampenda. Alinisubiri nimalize.

"Vipimo unavyo," alisema. "Uko navyo kichwani, vya wakati ule. Nishonee mwili."

Sikuelewa, na alipoona sikuelewa alivuta kutoka kwenye mfuko wa vipande flana kuukuu na pamba ya mto, akaviweka mapajani mwangu. Alitaka gauni la ndani. Lenye kiuno, lenye makalio, lenye mikono minene mpaka kwenye kiwiko. Alitaka nimrudishie kwa pamba kile ambacho dawa ilikiondoa.

Nilisema hapana, nikatoka nje, nikasimama mlangoni nikitazama mafundi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Nilitaka amtazame mtu wa kweli kwenye kioo na amheshimu, kama ninavyosoma kwenye simu kwamba inapaswa. Halafu nikausikia mdundo wa cherehani ukianza ndani, wa kuchechemea, wa polepole sana. Alikuwa ameanza kushona mwenyewe. Nikarudi ndani.

Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Pamba niliipanga kwa tabaka, nyembamba mabegani, nzito nyongani, nikaishika kwa mishono midogo ya kuvuka ili isikimbie. Upande mmoja ulizidi mwingine, nikafumua. Ukapungua, nikafumua. Mama alisimama katikati ya chumba akishikilia cherehani, pamba zimemganda kwenye nywele, akinikejeli.

"Hata Mungu hakunitengeneza kwa kurudia hivi."

"Simama vizuri."

"Ongeza hapa nyuma. Ongeza, usiwe bahili."

Tulicheka siku ile kuliko tulivyocheka mwaka mzima. Nilipozungusha tepu mwishoni, kiuno kilikuwa sawasawa na kile cha siku ya vigelegele. Gauni la sare lilipita juu yake bila mkunjo hata mmoja.

Kwenye harusi alikaa mstari wa mbele, karibu na bibi harusi. Hakuweza kusimama sana, alicheza kwa mabega. Wanawake walikuja mmoja mmoja. "Mashallah, mama fundi, bado unaongezeka tu!" Naye aliwajibu kwa matani, akijipangusa jasho, kwa sababu pamba ile ilikuwa na joto na mimi ndiye pekee niliyejua anavumilia nini.

Nilidhani ni mimi pekee. Mama mdogo alikuja akamkumbatia kwa nguvu, kwa mikono yote miwili, kama wanavyokumbatiana dada. Nikaona mikono yake ikizama mahali ambapo mwili ungekataa. Ikasimama. Uso wake, uliokuwa begani kwa mama na umenielekea, ulibadilika, ukanitazama. Nilisubiri. Hakumwachia. Alimshikilia zaidi ya ilivyo desturi, kisha akageukia ukumbi na kupaza sauti kwa wote.

"Mutazame dada yangu alivyonona! Nani kati yenu anamufikia?"

Vigelegele vilijaa ukumbi. Katika picha mama yuko katikati.

Siku ya daktari hatukuifikia. Alifariki asubuhi, kabla ya jua kupanda, ameketi na mto mgongoni, moyo wake umesimama bila kelele. Nilikuwa nimeamka kuimwaga ndoo.

Mama mdogo alikuja na wanawake wa kuosha, na kwa kuwa mimi ni binti nilikuwa nao ndani. Walipomfunua, wale waliokuwa wakimshika mashavu siku chache kabla walisita. Mmoja alifunika mdomo. Walitazama mwili ule mdogo, mguu ule, halafu wakanitazama mimi, na katika macho yao kulikuwa na swali ambalo mwembamba huulizwa daima: aliteswa na nani? Mama mdogo ndiye aliyejibu, bila kuacha kumwaga maji.

"Alikuwa mugonjwa wa mafigo. Na alikuwa munene. Muoshe."

Wakamwosha.

Ilipoletwa sanda nilichukua tepu. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe shingoni mahali inapokaa. Mama mdogo aliitoa taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Kitambaa alikipima kwa mkono, akakichana kwa vidole. Hakuna aliyekunja upindo. Nyuzi zilibaki zikining'inia pembeni, na mimi nilisimama nikiziangalia, nikiwa na mikono isiyo na kazi.

Gauni la sare nililitoa sadaka pamoja na nguo zake nyingine. La ndani sikuweza. Ni nani ungempa mwili wa mtu mwingine? Mama mdogo alishauri nilifumue, flana ni nzuri bado, pamba itajaza mto. Nilichukua mkasi siku moja nikaketi nalo. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, kuna mshono uliopinda. Sijui niliuachaje, labda tulikuwa tunacheka. Niliuona, na niliurudisha mkasi mahali pake.

Limetundikwa nyuma ya mlango, na halinywei kama nguo nyingine, limesimama na kiuno chake. Asubuhi nikipita naligusa. Nikilibonyeza kwa kidole gumba pamba hutii kidogo, kisha nikiondoa kidole hurudi mara moja, na hakuna kishimo kinachobaki.